Bibi Afya na Tumbo la Karani

Soko la Tandale limejaa watu wasiolijua jina la Sekela, lakini watajie Bibi Afya uone wenye umri wao watakavyokaa wima. Miaka thelathini na mmoja alipita mitaa ile na koti jeupe na daftari la jalada jeusi, akifunua mitungi ya maji, akichungulia vyoo, akinusa masufuria ya mama ntilie. Akina mama walikuwa wakiwanawisha watoto kwa kuwatisha: nawa upesi, Bibi Afya huyo anakuja. Hakuwa katili, tuseme ukweli wa Mungu. Alikuwa mtu wa imani moja tu, nayo ni kwamba ugonjwa huletwa na wadudu, mdudu dawa yake ni kuuawa, na anayechelewa kuua atazika. Kwa imani hiyo alifanya kazi, kwa imani hiyo akastaafu, na hakuwahi kukutana na jambo la kumtikisa.

Sasa mtazame yuko Tegeta, nyumbani kwake, saa mbili asubuhi. Amepiga magoti uani, kanga kaifunga puani, anatazama uharo wa mbwa huku machozi yanamlengalenga. Ndiyo, wa mbwa. Usicheke kwanza.

Mbwa mwenyewe anaitwa Karani. Ni mbwa wa kawaida wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala, na jina alipewa na mume wa Sekela, Mwalimu Erasmus, kwa sababu ya tabia yake ya kukaa getini na kumtazama kila mgeni kama karani wa ofisi anayengoja ukosee kujaza fomu. Mwaka jana Mwalimu Erasmus alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno, kwa mtu aliyefundisha hesabu miaka yote ile kwa sauti ya kusikika mpaka darasa la jirani, yakabaki machache tena ya kukwama. Mtaalamu wa mazoezi alisema jambo moja na akalirudia: mzee atembee kila siku, asipotembea miguu itasahau.

Mzee hakutaka. Akishikwa na mkewe anakaza mwili, akishikwa na binti yake aliyekuja likizo kutoka Mwanza anageuza uso. Aibu ya mwanamume, nani ataiweza. Aliyeiweza ni Karani. Kila asubuhi mbwa yule alikuwa anakwenda kwenye kiti cha mzee, anaingiza pua chini ya ule mkono uliolala, anausukuma juu, anausukuma tena, mpaka mzee anaguna na kuinuka. Wakishikana na kamba yao wanatoka getini pole pole, mwezi wa kwanza mpaka nguzo ya kwanza ya umeme, mwezi wa nne mpaka dukani. Sekela alikuwa anawachungulia dirishani akimshukuru Mungu kwa mbwa, jambo ambalo maishani hakudhani atalifanya.

Kwa hiyo Karani alipougua tumbo, haukuwa ugonjwa wa mbwa peke yake. Wiki ya tano sasa mbwa amelala kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mbavu zinahesabika, na wiki ya tano mzee hajatoka kwenye kiti. Mguu ule wa kulia ulikuwa umeanza kuvimba. Sekela alikuwa anajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba mbwa akifa mzee hatainuka tena.

Na kinachomchanganya ni kwamba hakufanya uzembe. Angekuwa mzembe angejilaumu yakaisha. Karani alianza kuharisha baada ya kula makombo ya msibani kwa jirani. Siku hiyo hiyo Sekela alifungua sanduku lake la dawa, maana mtu wa afya hakosi sanduku, akatoa flajili, ile dawa ya tumbo, akapiga hesabu ya uzito, akakificha kidonge ndani ya tonge la ugali. Siku ya tatu mbwa akapona. Wiki mbili baadaye tumbo likarudi. Akampa tena, na safari hii akaongeza vidonge vya rangi mbili vya kuua vijidudu. Akapona, akaugua. Akampa za minyoo. Akapona nusu, akaugua zaidi. Dona na dagaa ambavyo mbwa alikuwa akila tangu utoto, Sekela akavipiga marufuku, akampikia wali mweupe na minofu ya kuku isiyo na ngozi, maji akamchemshia, bakuli akawa analiosha kwa jiki asubuhi na jioni. Uani kote akapiga deki ya dawa mpaka majani ya pembeni yakaungua. Kila alichofanya alikiandika, tarehe na kipimo, kama alivyozoea. Na kadiri alivyozidi kusafisha, ndivyo mbwa alivyozidi kuoza tumbo. Jamani, kuna hesabu ya namna hiyo?

Jirani yake Mwamvita, ambaye kwa dini yake mbwa hamgusi lakini ng'ambo ya ukuta humpenda sana na kumsalimia kila siku, ndiye aliyemtia jambo jingine kichwani. Alikuwa anaanika nguo upande wa pili, akamwuliza Sekela, bila ubaya wowote, mbona mbwa wa jalalani hawaugui. Wanakula matumbo ya samaki yaliyolala juani, wanakunywa mtaroni, na manyoya yanang'aa. Sekela akafungua mdomo ajibu, maana majibu ya maswali ya aina hiyo alikuwa nayo kwa miaka thelathini na mmoja, akakuta halipo hata moja.

Ndipo akambeba Karani kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo kando ya barabara ya Bagamoyo. Daktari ni binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, anaitwa Benedicta, mpole, mwenye mikono ya haraka. Akamwamkia mama shikamoo, akampapasa mbwa tumbo, akachukua kinyesi kidogo akaenda kukitazama kwenye hadubini. Sekela akamwekea daftari mezani kabla hajaulizwa. Kusema kweli aliliweka kwa majivuno kidogo. Wangapi huleta mbwa na kumbukumbu zote zimeandikwa?

Daktari alisoma kurasa zote nne kimya. Kisha akauliza kama kabla ya dozi yoyote kati ya zile kinyesi kiliwahi kupimwa. Sekela akasema hapana, lakini dalili zilikuwa wazi.

"Mama," daktari akasema taratibu, "huyu hana mdudu wa kuuawa. Tatizo lake ni kwamba wadudu wake wamekwisha."

Sekela alidhani hakuelewa. Akaomba aambiwe tena. Akaambiwa tena, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, maana sasa alielewa maneno na hakuelewa maana. Binti akamweleza kwamba utumbo wa mbwa, kama wa mtu, umejaa vijidudu visivyohesabika, na wengi wao ni wema: wanamsaidia kusaga chakula, wanalinda ngozi ya utumbo, wanawazuia waovu wasipate pa kukaa. Ni kama soko, alisema. Kila mtu na kizimba chake, na vibaka wapo, lakini wenye soko ni wengi kuliko vibaka. Dawa zile za mfululizo hazikuchagua. Zilifukuza soko zima, na vizimba vikibaki vitupu, wa kwanza kurudi ni vibaka.

Sekela aliyajua maneno hayo kwa mbali. Chuoni waliwahi kuambiwa kitu cha namna hiyo, ukurasa mmoja, mchana wa joto, wakaupita. Mwilini mwake sasa kulikuwa na vita. Upande mmoja unasema binti huyu amesoma chuo cha Morogoro na hadubini ameitazama. Upande mwingine unasema, wadudu wema, wadudu wema ndio wadudu gani, na wale watoto wa Tandale niliowazika walikufa kwa wadudu wa aina gani? Akauliza dawa ni ipi. Alitegemea aambiwe sindano.

Daktari akakohoa kidogo. Akasema dawa ipo, nayo ni kinyesi. Kinyesi cha mbwa mzima mwenye tumbo zuri, kinapimwa, kinakorogwa na maji ya chumvi ya hospitali, kinachujwa, kisha mgonjwa anatiwa kwa mpira upande wa nyuma. Unamrudishia soko lake kwa kumwazima la mwenzake.

Sekela alimtazama Karani, akamtazama binti, akatazama cheti cha binti kilichotundikwa ukutani ili ahakikishe kina mhuri. Maisha yake yote alikuwa akitenganisha mavi na mdomo, mavi na maji, mavi na mikono, leo anaambiwa akayatafute. Akasema atafikiri. Daktari akamwambia kwa heshima zote kwamba muda wa kufikiri mbwa huyu hana, labda siku tatu au nne.

Shida ya pili ikawa ni mbwa gani. Asiwe ametumia dawa hizi karibuni, asiwe na minyoo, awe mkubwa na asiye na historia ya kuugua. Mbwa wa Tegeta wote anaowajua Sekela walikuwa wamepitiwa na sanduku lake, maana majirani humwomba ushauri naye hutoa kwa moyo mmoja. Daktari alifikiri, akasema kuna jike mmoja humchanja kila mwaka kwenye zile kampeni za kichaa cha mbwa, ana miaka tisa, hajawahi kuugua hata mafua, na mwenyewe anaapa hajawahi kumpa kidonge. Yuko Tandale, kwa mzee mmoja wa supu ya utumbo nyuma ya soko. Akampa kopo lenye mfuniko, glovu, na boksi la barafu, akamsisitizia kirudi hapo kabla ya masaa manne kupita tangu kizolewe. Yeye mwenyewe angekwenda, ila yuko peke yake kliniki.

Aliposema supu ya utumbo nyuma ya soko, Sekela alishindwa kuuliza jina la huyo mzee. Akajiambia wauza supu Tandale ni wengi.

Kesho yake asubuhi alifika, na hata kabla ya kuiona sura ya mtu aliujua ule mtaro. Alikuwa amesimama hapo hapo mwaka wa kipindupindu, na mgambo wawili nyuma yake. Kibanda kilikuwa cha Albano, Mmakonde wa Newala, mtu wa makamo wakati ule, mwenye watoto wadogo na wateja wa kutosha. Kanuni ilisema chukua sampuli, peleka maabara, ngoja majibu, ndipo ufunge. Lakini wiki ile watu walikuwa wanakufa na Sekela hakuwa na subira ya majibu. Aliinua sufuria kwa mikono yake mwenyewe, supu yote, bado inachemka, akaimwaga mtaroni mbele ya wateja. Kisha akabandika karatasi mlangoni, akaandika kwenye daftari, akaenda nyumba ya pili.

Albano alikuwa pale pale, sasa mvi zimemjaa, anakatakata utumbo juu ya gogo. Pembeni yake amelala jike mweusi, mnene, macho nusu wazi, manyoya yanang'aa utadhani kapakwa mafuta. Albano akainua uso. Kisu kikasimama.

"Bibi Afya," akasema. "Karibu. Leo peke yako?"

Sekela alikuwa ameandaa maneno tangu Tegeta, na yote yakamkimbia. Akajikuta anaeleza ovyo ovyo, mara mume wangu, mara mbwa, mara daktari, mara soko la tumboni, mpaka Albano akaweka kisu chini na kufuta mikono. Alipofika kwenye kiini cha safari, yaani kwamba amekuja kuomba mavi ya mbwa wake, sauti ilimshuka mpaka akalazimika kurudia. Wateja wawili kwenye benchi waliacha kutafuna.

Angecheka, ingekuwa haki yake. Hakucheka. Alimwuliza mumewe anaendeleaje na mguu. Halafu akachota supu bakuli zima, akakamua ndimu, akatia pilipili, akaiweka mbele ya Sekela.

"Ile ya siku ile hukuionja," akasema.

Sekela alilitazama bakuli. Miaka thelathini na mmoja ilikuwa inamwambia kila kilicho na kasoro: ndoo ya maji haina mfuniko, nzi wawili ukingoni, kitambaa kile kile kinafuta meza na mikono. Alijua kanuni namba ngapi inavunjwa na wapi. Akanywa. Ilikuwa ya moto, ina tangawizi, na ilikuwa nzuri kweli kweli, na uzuri wake ulimchanganya kuliko yote aliyoyasikia kwa daktari. Alimaliza bakuli akaona haya kuomba jingine.

Kisha akauliza. Hakukusudia, ilimtoka. "Albano, siku ile nilikosea?"

Albano akamrushia mbwa kipande.

"Mie nitajuaje, mama? Mtaa huu wiki ile tulizika watoto wanne. Labda ilikuwa supu yangu. Labda kile kisima cha nyuma. Kibanda kimefungwa, nikabeba mizigo sokoni miezi saba, nikilala nawaza, hivi ni mie niliyewaua wale watoto? Nilikuwa nakungoja uje uniambie. Hukurudi."

Sampuli Sekela hakuchukua. Alimwaga yote, na kilichomwagwa mtaroni hakipimiki. Kwake jambo lile lilikuwa limekwisha siku ile ile alipolifunga daftari. Hata hakukumbuka kwamba kuna mtu aliyebaki na swali. Alimwomba radhi. Alisema samahani, akaona haitoshi, akasema nisamehe ndugu yangu, na machozi yakamwangukia juu ya glovu alizozishika. Albano akasema haya, yamepita. Kisha akaongeza kwamba Shangazi, hilo ndilo jina la mbwa wake kwa sababu huja bila kualikwa na huondoka ameshiba, kwa kawaida haja yake huwa saa nne, kwa hiyo wasubiri.

Wakasubiri. Sijui kama umewahi kukaa benchi moja na mtu uliyemfungia riziki yake mkingoja mbwa ajisaidie. Si jambo la kuzungumzika. Mteja akiuliza Bibi Afya anafanya nini hapa, Albano anamjibu kuwa ni mgeni wake. Shangazi aliinuka saa nne kasoro, akajinyoosha, akanusa ukuta mzima wa choo cha jirani, akabadili nia, akarudi kulala. Sekela karibu apige ukelele. Saa nne na robo akainuka tena, na mara hii akamaliza kazi yake nyuma ya kibanda, kitu kizima, kigumu, cha kahawia, hakina harufu ya ugomvi. Sekela akachutama akakizoa mwenyewe.

"Chukua chote," Albano akasema. "Mie sina kazi nacho."

Kliniki daktari alikipima kwanza, akatafuta mayai ya minyoo, hakuyaona. Akakoroga, akachuja mara mbili. Sekela alimshika Karani kichwa wakati mpira unaingia, akamnong'oneza Kinyakyusa cha kumbembelezea mtoto, na mbwa akalala kimya akimtazama. Haikuchukua hata dakika kumi. Maagizo yakawa machache. Arudishiwe chakula chake cha zamani kidogo kidogo, dona, dagaa na boga la kuchemsha. Bakuli lioshwe kwa sabuni na maji tu. Na dawa, mama, dawa yoyote, hata nusu kidonge, asipewe bila kupimwa.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Sekela alijua kupigana, kungoja hakujua. Akalibeba sanduku la dawa mpaka ukutani, akamkabidhi Mwamvita, akamwambia hata nikija nalia usinipe. Siku ya pili mbwa alikunywa maji. Siku ya tatu akaharisha, na Sekela akaona kila kitu kimeharibika. Je, ameua mbwa kwa dawa, au sasa anamuua kwa kukosa dawa? Hajui. Binti anajua kweli, au naye anabahatisha na hadubini yake? Hajui. Ndani, Erasmus amekaa kwenye kiti akitazama mlango, mguu juu ya stuli. Siku ya nne alfajiri Sekela alikwenda ukutani akamwomba Mwamvita kidonge kimoja tu, cha leo tu. Mwamvita akamwambia usia ni usia, mama mwenzangu, rudi ukalale. Sekela alirudi amekasirika, mchana kutwa hakumsalimia.

Siku ya tano Karani alikula bakuli zima na kulilamba.

Siku ya sita Sekela alikuwa jikoni anachekecha unga aliposikia kiti kinaburuzwa. Alipotokea sebuleni, kiti kitupu. Akakimbilia mlangoni akiwa na chekeche mkononi, akijua atamkuta mzee ameanguka kwenye ngazi. Ngazi hazikuwa na mtu. Geti lilikuwa wazi. Nje ya geti, kwenye mchanga wa barabara, Mwalimu Erasmus amesimama kwa miguu yake miwili, kamba imezungushwa kwenye mkono wa kushoto, anayumba lakini amesimama, na mbele yake Karani amechutama anajisaidia, uso wake mkavu kama kawaida yake akiwa kazini. Kikatoka kitu kizima, kigumu, cha kahawia. Sekela hakujua aanze kutazama wapi, chini au juu. Alitazama chini, akatazama juu, akarudi chini, mpaka mzee akaanza kucheka, cheko la upande mmoja la mtu ambaye nusu ya uso wake haimtii, na akacheka mpaka ikabidi ashikilie ukuta. Sekela akamkumbatia na unga wake wote.

Mchana ule ule, mzee akiwa amelala na mbwa amelala miguuni pake, Sekela alivaa akaenda Tandale. Hakuwa ameagizwa na mtu. Alimkuta Albano anafunga kibanda, akamwambia amerudi kumpa majibu: mbwa amepona, na mzee ametembea mpaka nje ya geti. Albano akafurahi kweli, akampigapiga Shangazi mgongoni na kumwambia umesikia. Kisha akafuta meza, akaifuta tena palipokwisha kufutwa.

"Na ile ya mwaka ule?" akauliza.

Sekela alikuwa na maneno ya kumfariji. Angeweza kusema ni kisima, na pengine kilikuwa kisima kweli. Angeweza kusema yote ni mapenzi ya Mungu, na Albano ni mtu wa kanisa, angeitikia. Miaka yote ile mitaa hii ilipomwuliza jambo, aliijibu hapo hapo.

"Sijui, Albano," akasema. "Sikupima. Sijui na sitajua."

Albano aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa ameambiwa ni wake peke yake na sasa umepata wa kushika upande wa pili. Akasogea kwenye benchi. Sekela akakaa, na walikaa pale muda mrefu, wakiwataja wale watoto wanne kwa majina. Albano aliyakumbuka matatu. La nne alilikumbuka Sekela.